Carina Ti inamisi ikiwa sailensa, fundi wa nne ananiambia nibadilishe injini. Wakuu, nisaidieni kabla sijatoa hela

Furu wa Buhongwa (mleta uzi), Jumamosi saa 2:10 usiku

Wakuu, habari za majukumu. Hasa nyie wa Mwanza na kanda ya ziwa, nishikeni mkono kabla sijafanya ujinga.

Nina Carina Ti ya 1995, AT192, injini 5A-FE, otomatiki, namba B. Niliinunua kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anastaafu, na kwa miaka sita haijawahi kunitia aibu. Sasa tangu Aprili ina ugonjwa. Ikiwa barabarani inakwenda vizuri tu, nimeshaipeleka Magu na kurudi bila shida. Ikisimama ndiyo balaa linaanza. Kwenye foleni ya Mkuyuni asubuhi inatetemeka mpaka rozari ya mke wangu inagonga kioo, na kwenye kioo cha pembeni bodaboda mmoja namuona wawili. Mshale wa mapigo ya injini unacheza kati ya 600 na 900, haujawahi kutulia. Nikikanyaga mafuta kidogo ukafika 1500, inanyooka kama haijawahi kuumwa.

Matibabu mpaka leo:
Fundi wa kwanza kabadilisha plagi zote nne. Wapi.
Wa pili kabadilisha waya za plagi na kifuniko cha distribyuta. Ilitulia siku moja, au labda nilitamani tu itulie.
Wa tatu kafungua throto bodi, ule mlango wa hewa ya injini, kaosha, ikatoka inang'aa kama sufuria ya harusini. Wapi.
Wa nne kapima kompresheni, yaani kila silinda inavyobana hewa: 11.5, 11.4, 11.3, 11.6. Kaniangalia kwa huruma, kasema hii injini imechoka, kitabuni inatakiwa 13.5. Anajua mtu mwenye injini ya mtumba.

Nimeshatumia laki mbili na themanini, bila kuhesabu soda. Naombeni mawazo.

Jiwe la Bismarck, saa 2:21 usiku

Kwanza tuelewane mkuu, sailensa ipi? Ya bomba la moshi au ya mapigo? Maana humu kuna watu watakushauri uchomelee bomba.

Furu wa Buhongwa, saa 2:24 usiku

Ya mapigo mkuu. Gari imesimama, mguu hauko kwenye mafuta.

Bandari Salama, saa 2:40 usiku

Niko Dar, nina uzoefu na hizi injini za Toyota za A-series, kama 5A yako. Fundi wako wa nne hajakudanganya. Kitabu cha Toyota kinasema kompresheni ya hiyo injini ni 13.5 kwa kilo. Wewe una 11.5 kote. Ringi za pistoni zimelika sawasawa kwa umri. Chukua injini ya mtumba ulale usingizi.

Kijana wa Pasiansi, saa 2:52 usiku

Kaka angalia maunti za injini, vile vipira vinavyoishikilia kwenye bodi. Ya kwangu ilikuwa inatikisa meno, kumbe maunti ya mbele imepasuka. Elfu arobaini tu, kwisha.

MamaPlagi, saa 3:35 usiku

Nimemaliza kuosha vyombo, sasa naweza kujibu vizuri. Kwa wasionijua, mimi ni fundi, gereji iko Nyakato, na msiniandikie inbox kuuliza kama kweli ni mwanamke.

Kaka Furu, usinunue injini. Tuanze na hizo namba maana ndizo zimekutisha.

13.5 ya kitabuni ni kipimo cha injini ikivuta hewa ya usawa wa bahari. Kitabu hichohicho kinasema isishuke chini ya 10, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 1. Sasa sisi hatuko baharini. Uso wa ziwa letu uko mita 1,134 juu ya bahari, na Buhongwa iko juu zaidi kidogo. Huku hewa ni nyepesi, mgandamizo wake ni kama kilopaskali 88 badala ya 101 za Dar. Injini inameza hewa pungufu kwa zaidi ya asilimia 12 kabla haijabana chochote. Toa hiyo asilimia kwenye 13.5, unapata kama 11.8. Wewe una 11.3 hadi 11.6, na zote zinafanana. Kwa gari ya 1995 hiyo ni injini ya kijana. Ningekuwa na gari ya mteja inasoma hivyo ningemwita aje apige picha.

Bandari Salama, sikukosoi ubaya ndugu yangu. Huko kwako 11.5 ingenitia wasiwasi hata mimi.

Halafu tabia yenyewe inazungumza. Kompresheni ikishuka kote sawasawa, gari inakosa nguvu, inapanda mlima kwa malalamiko, inakula oili. Haitetemeki sailensa halafu inanyooka kwa 1500. Kinachofanya hivyo ni silinda moja inayolala, yaani haiwaki.

Bandari Salama, saa 3:50 usiku

Dah. Hilo la mwinuko sikulifikiria kabisa. Naomba radhi mleta uzi.

Furu wa Buhongwa, saa 3:52 usiku

Umenipunguzia presha dada yangu. Yangu, si ya injini. Nianzie wapi? Nina spana, multimita ya elfu kumi na tano, na kesho ni Jumapili.

MamaPlagi, saa 4:20 usiku

Kwanza tujue kama injini inamisi kweli au inatingisha bodi tu, ili tumjibu na Kijana wa Pasiansi. Iwashe ipate moto, iache kwenye N. Shika karatasi nyepesi sentimita chache nyuma ya bomba la moshi. Injini nzima inaisukuma karatasi kwa pumzi moja iliyonyooka. Inayomisi inaisukuma, inaiacha, inaisukuma, kama mtu mwenye kwikwi. Kama pumzi imenyooka lakini mwili unatikisika, hasa ukiweka D na mguu kwenye breki, hapo ni maunti.

Pili, muulize kompyuta wako. Hii ni gari ya kabla ya zile mashine za kuchomeka chini ya usukani, lakini ina mdomo. Fungua boneti, tafuta kiboksi cheusi chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya mfuniko kuna ramani ya matundu. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Hakikisha ni hayo mawili, usibahatishe. Washa swichi bila kuwasha injini, uangalie taa ya injini kwenye dashibodi. Ikipepesa haraka haraka bila kupumzika, hakuna kosa lililoandikwa. Ikipepesa kwa mafungu, hesabu: mara mbili, kituo, mara mbili, ni 22, sensa ya joto la maji. 21 ni sensa ya oksijeni, 31 sensa ya mgandamizo, 41 sensa ya throto.

Tatu, tafuta silinda inayolala. Usichomoe waya za plagi kama mnavyofundishwa chini ya mwembe. Umeme wa pale unaweza kukurusha, na petroli isiyoungua inakwenda kuunguza katalisti, ile ya kusafisha moshi kwenye bomba, kama bado unayo. Chomoa soketi ya nozeli, ile inayorushia silinda petroli, moja moja, injini ikiunguruma. Ukichomoa ya silinda nzima, injini itashtuka na mapigo yatashuka, halafu kompyuta itajaribu kuyapandisha. Kwa hiyo sikiliza ile sekunde ya kwanza, usingoje. Ukichomoa ya silinda iliyolala, hutasikia tofauti.

Nne, ukimaliza toa plagi zote nne, zipange kwa mpangilio wake, upige picha. Namba 1 ni ile ya upande wa mkanda.

Na usiguse ile skrubu ya sailensa juu ya throto.

Mzee wa Karabureta, saa 4:41 usiku

Hilo la skrubu mwanangu amelisema vema. Sisi tuliendesha Peugeot 504 za karabureta, ukimisi unachukua bisibisi unazungusha, unasikiliza, unazungusha. Tukazoea. Siku hizi kijana anafungua boneti anaona skrubu anasikia hamu. Anapandisha mapigo mpaka 1100, mtetemo unajificha, mteja analipa anaondoka. Baada ya mwezi anakunywa petroli kama lori.

Jiwe la Bismarck, saa 4:45 usiku

Gari ndiyo inakunywa au mteja, mzee wangu?

Mzee wa Karabureta, saa 4:58 usiku

Wote.

Furu wa Buhongwa, Jumapili saa 6:30 mchana

Nimetoka kanisani nimevaa ovaroli moja kwa moja. Majibu haya hapa.

Karatasi: kwikwi kabisa. Inapigwa, inalegea, inapigwa. Mtoto wangu amecheka sana, anasema gari imekunywa maji ya moto.

Kompyuta: taa imepepesa tatu, ikapumzika, ikapepesa moja. 31! Nikadhani nimepata. Kumbe ngoja, fundi wa tatu aliichomoa ile soketi ya sensa ya mgandamizo huku swichi iko wazi, nilikuwa pale nikamuona. Inawezekana ndiyo hiyo?

Silinda: nimechomoa ya 1, injini imeshtuka. Ya 2, imeshtuka. Ya 4, imeshtuka karibu izime. Ya 3, kimya. Nimechomoa na kurudisha mara tano, hakuna kitu. Silinda ya 3 imelala, wakuu.

Plagi ndizo zimenichanganya. Ya 1, 2 na 4 zina masizi meusi makavu, ukifuta kwa kidole kinabaki cheusi. Ya 3 ni nyeupe, ile kaure ya ncha ina weupe kama chaki. Ni plagi mpya zote, zina miezi miwili. Na mashimo ya plagi hayana oili, nimetazama kwa tochi.

Kijana wa Pasiansi, saa 6:41 mchana

Basi nozeli ya 3 imeziba! Nyeupe maana yake petroli haitoshi. Safisha nozeli kaka.

MamaPlagi, saa 8:15 mchana

Kijana hujakosea sana, ila subiri.

Kuhusu 31: futa halafu tuone. Zima swichi, toa fyuzi ya EFI, hesabu hadi sekunde thelathini, rudisha. Endesha siku moja kisha soma tena. Kosa likiandikwa linabaki humo hata kama sababu ilikuwa ni fundi kuchomoa soketi.

Sasa hizo plagi. Hapa ndipo pa kukaa kwa utulivu, chukua chai.

Plagi ya 3 nyeupe maana yake silinda hiyo ina hewa nyingi kuliko petroli. Kuna njia mbili za kufika hapo: petroli imepungua, au hewa imezidi. Kijana amechagua ya kwanza. Lakini njia hiyo peke yake haielezi vizuri ile ahueni ya kwenye 1500. Nozeli iliyoziba inaziba kwenye mapigo yote. Ukikanyaga, injini inataka petroli zaidi, silinda hiyo ingezidi kulala. Ya kwako inaamka.

Hewa iliyozidi inaeleza vyote. Fikiria kuna tundu dogo karibu na mlango wa silinda ya 3, hewa inaingia bila kupita kwenye throto. Sailensa, throto imefungwa, ndani ya manifoldi, yale mabomba ya kugawa hewa kwa silinda, kuna mvuto mkali, tundu linanyonya hewa kwa nguvu zote, na silinda inahitaji hewa kidogo tu, kwa hiyo hiyo hewa ya wizi ni sehemu kubwa ya mlo wake. Mchanganyiko unakuwa mwepesi mno, hauwaki. Ukifungua throto, mvuto unapungua na hewa halali inakuwa nyingi. Hewa ya wizi inabaki kama chumvi kwenye ziwa. Silinda inaamka.

Na masizi kwenye hizo tatu? Injini yako haina kipimo cha hewa njiani. Inapima mgandamizo ndani ya manifoldi, halafu inakisia hewa ni kiasi gani. Hewa ya wizi ikiingia, mgandamizo unapanda, kompyuta inasema aha, hewa imeongezeka, inaongeza petroli kwa silinda zote nne. Silinda ya 3 nayo isipowaka inatupa oksijeni nzima nzima kwenye bomba, sensa ya oksijeni inaripoti kuna hewa nyingi, kompyuta inaongeza tena. Kwa hiyo tatu zinashiba mpaka zinatapika masizi, moja inakufa njaa.

Swali langu sasa, kaka Furu, na ulijibu taratibu. Nani aligusa hii injini mara ya mwisho KABLA ugonjwa haujaanza? Sitaki wale wanne wa baada. Nataka wa kabla.

Furu wa Buhongwa, saa 8:32 mchana

Hakuna dada. Oili tu nilibadilisha mwenyewe Februari.

MamaPlagi, saa 8:34 mchana

Fikiria tena.

Furu wa Buhongwa, saa 9:20 alasiri

Mke wangu amenikumbusha. Mwezi wa tatu tulikwenda msiba Geita. Njiani gari ikawa nzito, tulipofika kuna fundi wa pale akasema nozeli chafu, akazitoa akazisafisha, tukarudi vizuri kabisa. Ilikwenda safi kama wiki mbili hivi ndipo ikaanza. Kwa vile ilitoka kwake ikiwa nzima sikuona kama inahusiana.

Jiwe la Bismarck, saa 9:22 alasiri

Bhebhe! Yaani uzi mzima tunapiga ramli, kumbe mgonjwa alishapasuliwa Geita!

Mzee wa Karabureta, saa 9:30 alasiri

Usimcheke. Hata hospitali watu husahau kumwambia daktari dawa walizokunywa kwa mganga.

MamaPlagi, saa 9:48 alasiri

Hapo sasa. Kila nozeli inakaa kwenye shimo lake juu ya kipira kinene cheusi, kama pete. Kazi yake ni kuziba hewa isipite pembeni ya nozeli. Juu kuna oringi nyembamba inayoziba petroli kwenye reli, lile bomba linalozigawia nozeli petroli. Vipira vya chini vya gari ya 1995 vimeshapikwa na joto miaka yote hiyo, ni vigumu kama kiatu cha askari. Ukitoa nozeli, vinatoka vipande au vinabaki na ufa. Ukivirudisha vilevile, vinaziba siku chache kwa sababu ya oili na uchafu, halafu vinakaa vibaya na hewa inapata njia. Sina ugomvi na fundi wa Geita, spea hazipo kila mahali na ninyi mlikuwa msibani mnataka kurudi.

Lakini hiyo bado ni hadithi nzuri tu. Thibitisha. Chukua chupa ya kupulizia maji, ile ya nywele, mchirizi mwembamba. Injini imepata moto, iko sailensa. Rashia maji kidogo pale nozeli ya 1 inapoingia shimoni. Sikiliza. Ya 2. Ya 3. Ya 4. Maji yakifika kwenye tundu yanaziba kwa sekunde moja mbili, na sauti inabadilika, au unasikia yanafyonzwa. Usirashie distribyuta. Wengine wanatumia dawa ya karabureta, inafanya kazi lakini inawaka moto, na kwa mtu anayefanya peke yake kwa mara ya kwanza mimi nasema maji.

Kwenye gari yako manifoldi ya hewa iko nyuma, upande wa ukuta wa kabati la abiria, na ekzosti iko mbele kwenye rejeta. Itabidi uiname. Vua tai, kunja mikono, na jihadhari na feni, ni ya umeme, inawaka inapotaka.

Furu wa Buhongwa, saa 12:05 jioni

Wakuu.

Nimechukua chupa ya mke wangu ya nywele, nimeiosha, nimejaza maji. Mtoto kashika tochi. Nozeli ya 1, nimerashia, hakuna. Ya 2, hakuna. Nimefika ya 3. Maji yalikaa kama tone pale kwenye ukingo, halafu yakazama. Sikuyaona yakitiririka, yalizama tu, fyuu, kama soda inayovutwa kwa mrija. Na injini ikanyooka. Kama sekunde mbili hivi, imetulia kabisa, rozari imesimama wima. Kisha ikarudi kutetemeka.

Nikarudia. Ikatulia tena. Mtoto akaanza kupiga makofi. Nimefanya mara sita, mara mbili za mwisho zilikuwa za raha tu.

Ya 4 hakuna kitu.

Bandari Salama, saa 12:11 jioni

Nimesisimka mwili mzima, na niko kilomita zaidi ya elfu moja kutoka hapo.

Kijana wa Pasiansi, saa 12:15 jioni

Shikamoo MamaPlagi.

MamaPlagi, saa 1:40 usiku

Marahaba mwanangu.

Kaka Furu, safi sana. Sasa usitumie gundi wala silikoni, kuna watu watakushauri. Silikoni ikimeguka inaingia kwenye valvu. Nunua vipira vya chini vinne na oringi za juu nne, badilisha zote, maana hizo tatu nazo ni za umri uleule. Nenda na kimoja cha zamani dukani ulinganishe kwa jicho. Ukipewa kinachoingia kwa kubana sana au kwa kulegea, kirudishe.

Kama utafanya mwenyewe, sikiliza haya. Injini iwe imepoa. Legeza kifuniko cha tangi, toa waya hasi wa betri, weka kitambaa chini ya bolti ya bomba la petroli kabla hujailegeza maana ndani bado kuna presha. Hakuna sigara, hakuna jiko la mkaa karibu, hata la jirani. Ukitoa reli, nozeli zinaweza kutoka nazo au kubaki shimoni. Futa mashimo kwa kitambaa kikavu, na usiruhusu uchafu uanguke ndani.

Oringi mpya ipake oili safi kidogo, tone tu, kisha isukume nozeli kwenye reli huku unaizungusha kushoto na kulia. Ukishafunga reli kabla hujakaza bolti, zungusha kila nozeli kwa vidole. Lazima izunguke laini. Ikigoma, oringi imejikunja ndani, itoe uweke nyingine. Watu wengi wanaruka hapo halafu wananusa petroli asubuhi.

Mwisho, kabla ya kuwasha: rudisha betri, swichi wazi injini imezimwa, kwenye kile kiboksi cha DIAGNOSIS unganisha +B na FP. Pampu ya petroli itaanza kuunguruma. Tazama kila kiungo kwa tochi. Kukiwa kukavu ndipo uwashe.

Ukiogopa, njoo Nyakato. Hela yangu ni ya kazi tu, spea unanunua mwenyewe.

Furu wa Buhongwa, Jumanne saa 1:15 usiku

Naogopa petroli, sitaki kuwaachia watoto hadithi. Nitakuja Alhamisi.

Furu wa Buhongwa, Alhamisi saa 3:05 usiku

Mrejesho, kama nilivyoahidi.

Nimefika Nyakato saa tatu asubuhi. MamaPlagi ni mtu wa kweli na gereji ni ya kweli, kuna mbwa anaitwa Gasketi. Alianza na kitu ambacho mafundi wanne hawakufanya: alikaa kwenye kiti cha dereva dakika nzima bila kusema, anasikiliza. Kisha akarashia maji kwenye nozeli ya 3 kama mimi, akatabasamu.

Ametoa reli. Vipira viwili vimetoka vizima ingawa ni vigumu. Cha silinda ya 4 kina ufa wa juu juu. Cha silinda ya 3 hakikuwepo chote. Nusu yake ilikuwa imebaki imeganda shimoni, nusu nyingine haipo. Kunipa nikishike ilikuwa kama kushika kipande cha kaa la moto lililozima: cheusi, kikavu, nikakibana kwa kucha kikakatika. Nusu iliyokosekana tumeitafuta kwa tochi na sumaku (ndiyo, sumaku kwenye mpira, nilikuwa nimechanganyikiwa) hatukuiona. Amesema inawezekana ilibaki Geita.

Vipya, oringi, kuzungusha kwa vidole, +B na FP, tochi. Kukavu. Akaniambia niwashe mimi.

Nimewasha. Mshale umekwenda 1400 ikiwa baridi, ukashuka taratibu kadiri inavyopata moto, ukakaa 750. Umekaa. Nimeweka D, nimewasha AC, umetikisika kidogo ukarudi palepale. Kachomeka geji ya vakyumu, ile ya kupima mvuto wa manifoldi: mshale ulisimama 15 na nusu bila kucheza. Bandari Salama, najua kitabu chako kinasema 17 mpaka 21. Toa karibu 4 za mwinuko.

Amesoma taa tena baada ya kufuta ile 31. Imepepesa haraka haraka bila kituo.

Bili: vipira na oringi elfu ishirini na nne, kazi elfu thelathini. Jumla elfu hamsini na nne. Plagi hajanibadilishia, kazifuta masizi kazirudisha, kasema ni mpya, acha zijisafishe barabarani.

Wabeja sana wote.

Bandari Salama, Alhamisi saa 3:20 usiku

15.5 huko juu ni kama 19 huku kwangu. Injini nzima hiyo. Nimenyamaza.

Mzee wa Karabureta, saa 3:44 usiku

Na yule wa injini ya mtumba, umemwambia?

Furu wa Buhongwa, saa 3:50 usiku

Kapiga simu leo mchana nikiwa Mkuyuni kwenye foleni. Akaniuliza kama nimeshapata hela. Nikamwambia subiri, nikaweka simu kwenye spika, nikaiweka juu ya dashibodi, gari iko D, mguu kwenye breki. Akasema mbona sisikii kitu, umezima gari?

Kijana wa Pasiansi, saa 4:02 usiku

MamaPlagi samahani, nina Starlet EP82, ikipata moto inapanda na kushuka mapigo yenyewe, 800, 1500, 800, 1500, kama inapumua. Nianze uzi mpya au nikuulize hapahapa?

MamaPlagi, saa 4:30 usiku

Anza uzi mpya. Na uanze kwa kutuambia nani aliigusa mwisho, halafu kama maji ya rejeta yamejaa mpaka juu.